Jenereta Nyuma ya Kitanda

Nimetengeneza bodi za magari hapa Shinyanga kwa miaka thelathini na minne, na katika kazi zote zilizopita mikononi mwangu ni moja tu niliyoiharibu kwa makusudi. Naieleza leo kwa sababu aliyenifumania ameshazikwa, Mungu amrehemu, na mke wangu ameshanisamehe. Ingawa amenisamehe, kila akipata mgeni mpya humhadithia upya, huku akicheka mpaka anashika mbavu. Bora niiseme mwenyewe, maana yeye huongeza chumvi.

Ilikuwa mwaka wa themanini na mbili, ule mwaka ambao ukiingia dukani ulikuta rafu na muuzaji, basi. Bwana Donatus wa ofisi ya afya alileta karakanani kwangu, Ngokolo, basi moja kuukuu la abiria lililokuwa limestaafu, akanikabidhi na karatasi yenye mchoro. Walitaka nyumba ya magurudumu. Iwe na kitanda cha mkunga, kitanda cha mama anayejifungua, jiko dogo la mafuta ya taa, sinki, kabati la dawa, tangi la maji juu ya paa, na nyuma kabisa chumba cha jenereta. Basi lizunguke siku kumi na nane kila mwezi. Litoke Ibadakuli, lipite Kahama, liende Masumbwe, lifike mpaka Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo walikuwa wameanza kufurika na wake zao wakawa wanajifungulia kwenye vibanda vya maturubai.

Mkunga aliyechaguliwa kuishi ndani ya basi hilo alikuwa Zuwena, mke wangu.

Alipoambiwa habari hiyo alirudi nyumbani akitembea haraka kama msichana, na wakati ule alikuwa na miaka arobaini na mitano. Alikuwa ameiomba kazi hiyo kwa miaka sita. Nami nilifurahi naye, wallahi nilifurahi. Nililikata lile basi, nikaling'oa viti, nikaanza kumjengea. Kitanda chake nilikipima bila kumwita, maana najua analala kwa kukunja magoti na kugeukia ukutani. Nikamtobolea kadirisha upande wa kichwa, kwa sababu hapati usingizi bila upepo. Nikampigilia kigingi cha kutundikia kanga mahali ambapo mkono wake ungefika bila kunyanyuka. Bwana Donatus alipokuja kukagua aliniuliza mbona kigingi hakimo kwenye mchoro. Nikamwambia mchoro haujaoa.

Shida ikaanzia nyuma ya kitanda. Jenereta tuliyoletewa ilikuwa ya dizeli, nzito, ya kuwashwa kwa kuzungusha hendeli, na sauti yake ilikuwa ya kufukuza mbwa mtaa mzima. Niliifunga kwenye chumba chake, nikapiga bati na mlango, tukaiwasha. Vikombe vilianguka kabatini. Zuwena alikuwa amemlaza kitandani Melania, mke wa dereva Cornel, mwenye mimba ya miezi minane, ili ajaribu kumpima. Alitoa kile kipembe chake cha mti cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakisimamisha juu ya tumbo, akaweka sikio. Akatulia kidogo. Halafu akanyanyua kichwa na kunitazama.

"Baba Mwanne, hapa nasikia kinu cha pamba."

Mtu atauliza, si uizime ukitaka kusikiliza? Nami niliuliza hivyo hivyo, nikajibiwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Mama akishikwa na uchungu, moyo wa mtoto unasikilizwa kila baada ya dakika chache, na wakati huohuo mkunga anataka mwanga. Karabai lilikatazwa humo ndani kwa sababu ya spiriti na dawa. Betri ya basi ilikuwa imechoka kuliko basi lenyewe. Kwa hiyo kila ukizima mashine umebaki gizani na mikono yako imejaa damu, huku Cornel yuko nje anazungusha hendeli na kumwomba Mungu iwake. Taa na sikio lazima viende pamoja.

Bwana Donatus akatoa hukumu kwa upole, kama ilivyo kawaida yake. Alinipa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi. Mashine ikinyamaza, Zuwena anaondoka Jumatatu. Isiponyamaza, basi litang'olewa vitanda na kubeba mizigo ya ofisi, naye abaki wodini hapa mjini.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la uaminifu kabisa, na lilikuwa la kijinga kabisa. Sisi wa Shinyanga tumelelewa na pamba. Godoro pamba, mto pamba, kidonda pamba, mtoto akiumwa sikio anawekewa pamba. Mtu wa hapa akitaka kitu kiwe laini au kinyamaze, mkono wake unaenda kwenye pamba kabla akili haijaulizwa. Nilienda kwa rafiki yangu wa kiwandani, nikajaza magunia mawili, nikaishindilia pamba pande zote za chumba cha jenereta na juu yake na mlangoni, nikafunga. Tukawasha. Ukimya ulioshuka hapo ulitaka kunitoa machozi. Jenereta ilisikika kwa mbali tu, kama mtu anayesaga mahindi nyumba ya tatu. Zuwena alipiga kigelegele, majirani wakaja, nikaanza kuwaeleza ufundi wangu huku mikono nimeiweka nyuma.

Dakika ya kumi mashine ikaanza kukohoa. Ya kumi na moja tukasikia harufu. Ya kumi na mbili moshi ukatoka kwenye tundu za ribiti, na Zuwena ndiye aliyefungua mlango kwa mkono uliofungwa kanga na kumwaga ndoo ya mchanga ndani wakati mimi bado nasema "subirini, subirini." Mashine haikupata madhara makubwa. Mimi ndiye niliyeungua, nyusi moja na heshima yote.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Nkwabi.

Mzee Nkwabi alikuwa jirani yetu, Msukuma aliyetoboa miamba chini ya ardhi huko Geita kwa miaka kumi na mitano, na mashine zile zilimchukulia masikio. Ukitaka kusema naye unamshika bega, unamwambia kwa mdomo mpana na mikono. Yeye mwenyewe aliongea kwa sauti ya kuita ng'ombe, hata akiomba chumvi. Zaidi ya hayo alikuwa mtani wangu. Baba yangu alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za babu zetu kusafirisha mizigo kwenda pwani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wageni. Anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo, na siku ya msiba wa baba yako anaweza kulala mbele ya jeneza akasema halipiti mpaka apewe jogoo. Nawe hukasiriki. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Alitazama ile pamba nyeusi, akanitazama nyusi.

"Bhebhe, wewe Mzaramo!" akanguruma. "Mashine inavuta pumzi! Kule chini tulikuwa na shimo la hewa kuingia na shimo la hewa kutoka, ndiyo maana niko hapa nakutukana. Wewe umeifunika shuka mpaka puani. Ungekuwa bosi wangu ningekufa Jumatatu ya kwanza."

Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini mzee alibaki. Alichukua kijiti, akanichorea mchangani jinsi hewa ilivyopitishwa migodini, ikipinda kona baada ya kona. Hewa haijali kona, alisema. Kelele ndiyo inayojigonga. Siku tatu zilizofuata nilijenga upya kwa raha ya kweli. Niliweka tundu la kuingizia hewa chini ya sakafu, nikaipandisha hewa kwenye mfereji wa bati, nikaipindisha, nikaishusha, ndipo nikaiachia mashine. Upande wa pili hivyohivyo kwa kutokea. Ndani ya mifereji, mbali na joto, tulibandika magunia ya katani yaliyopakwa udongo wa kichuguu. Bomba la moshi nikaliunganisha na sailensa mbili badala ya moja. Nilikuwa napiga mluzi. Kilichobaki Jumatano ilikuwa kuifunga tu ile mashine kwenye chesi, ile fremu ya chuma chini ya basi.

Jumatano hiyo mchana Zuwena alianza kuhamisha vitu vyake. Nilikuwa chini ya basi, nimelala chali na spana mkononi, nikisikia miguu yake juu yangu ikienda na kurudi. Alikuwa akiimba. Alikuwa na sauti mbaya ya kuimba na hakuwahi kulijua hilo, maana nilimficha kwa miaka ishirini na mitatu. Nilitoka kuchukua nati, nikachungulia dirishani. Alikuwa anapanga kabati. Sahani moja. Kijiko kimoja. Kikombe kimoja cha bati, kile cha bluu, ameweka na kisahani chake.

Sijui nikuelezeje. Binti yetu Mwanne alikuwa ameshaolewa Tabora mwaka uliotangulia. Nyumba ile tulikuwa tumebaki wawili, na mimi ni mtu wa maneno machache nikiwa na watu na maneno mengi nikiwa na Zuwena. Nilikiona kile kikombe kimoja nikakiona na kingine, cha kwangu, kimebaki peke yake mezani siku kumi na nane. Roho ikaniuma. Nilirudi chini ya basi nikiwa mtu mwingine.

Kila fundi wa bodi anajua kwamba chuma hakifungwi juu ya chuma kama unataka amani. Unaweka raba katikati. Mtetemo unafia hapo. Usipoweka, mashine hata ukiifungia ndani ya ukuta wa mawe itapitisha mngurumo wake kwenye chesi, chesi itaupeleka sakafuni, sakafu itaupeleka kitandani. Nilijua hayo kuliko ninavyojua jina langu. Nikachukua bolti nne nikaifunga jenereta kwenye chesi, chuma kwa chuma, nikakaza mpaka spana ikalia. Zuwena aliponiuliza kama kila kitu kiko sawa, nikamwambia mjini raba hakuna, mwaka huu hakuna kitu, lakini itafaa. Na wala sikuwa nimemwuliza mtu yeyote.

Alhamisi mchana Bwana Donatus alipita kuona tulipofikia. Tukawasha. Nje jenereta ilinong'ona tu, kuku wakaendelea kudonoa chini yake, na Bwana Donatus akanipa mkono wa pongezi. Melania akalala kitandani. Zuwena akaweka kipembe, akaweka sikio. Akahamisha kidogo kulia. Akahamisha chini. Akaomba mashine izimwe, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kwamba ameupata moyo. Akaomba iwashwe. Akasikiliza muda mrefu, mrefu mno, mpaka Melania akaanza kuogopa.

"Nje kimya," akasema alipoinuka. "Lakini inakuja na kitanda. Mashine iko ndani ya tumbo la mgonjwa."

Alimsaidia Melania kushuka, kisha akafungua kabati, akatoa sahani yake, kijiko chake na kile kikombe cha bluu, akasimama navyo mlangoni mwa basi. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nilitegemea kusikia furaha, hata kidogo, lakini nilishindwa kumtazama.

Mzee Nkwabi alikuwa amekaa kivulini akitutazama midomo. Aliponiona nimeinamisha uso, akainuka. Akavua viatu mlangoni mwa basi, akaingia pekupeku. Akasimama katikati ya sakafu, macho kafumba, vidole vya miguu kavitawanya. Akaweka kiganja kwenye ukuta, akakiweka kwenye mbao za kitanda. Halafu, bila kumsemesha mtu, akashuka, akalala chali, akapotea chini ya basi na shati lake jeupe. Tuliona miguu tu. Ilikaa pale muda, ikatulia, ikatoka.

Akasimama mbele yangu, grisi imemjaa usoni.

"Gete, kweli kabisa, watu, njooni!" akaita, na kwa sauti ile walikuja hata wa mtaa wa pili. "Njooni mumwone Mzaramo mwizi! Chumba amejenga cha mfalme. Hewa nzuri, moshi mzuri. Halafu mashine ameifunga uchi, chuma juu ya chuma, bolti nne! Fundi huyu? Aliyefunga viti vya mabasi yote ya Shinyanga juu ya raba? Hajasahau huyu. Amekusudia! Anamwibia mke wake safari, kwa sababu akibaki peke yake hajui hata chumvi inakaa wapi!"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Donatus alicheka mpaka akavua miwani. Mtani anasema, nani atamjali? Kama angekuwa mtu mwingine yeyote, ningemrukia, maana hasira zangu huwa haziko mbali. Lakini kwa mtani huna pa kushika. Nikacheka na mimi, kicheko cha meno matupu. Ni Zuwena peke yake ambaye hakucheka. Alisimama palepale na kikombe mkononi akinitazama, na nikajua ameshafahamu.

"Faini!" akasema Mzee Nkwabi. "Mzaramo anasema hakuna raba mjini. Mimi nachukua faini yangu." Akaenda kwenye kona ya karakana, penye tairi la lori ambalo kwa miaka minane nilikuwa nalikalia kunywea chai. Jana yake tu nilikuwa nimelikalia nikimwambia Zuwena kwamba raba hakuna. Akalisimamisha, akalibiringisha mpaka miguuni kwangu, akalipiga teke likalala. "Kesho saa nne," akasema Bwana Donatus, bado anafuta macho, na watu wakatawanyika.

Zuwena akakaa kwenye ngazi ya basi. Nikabaki nimesimama, natazama tairi.

"Baba Mwanne. Mzee anatania au anasema kweli?"

"Yule si unamjua."

"Sikuuliza kama namjua."

Nikasema, "Kweli."

Kwa mbali mtu alikuwa anapigilia mabati. Nilitamani anitukane, maana akitukana najua pa kuanzia kumbembeleza.

"Ungeniambia tu nisiende," akasema.

"Ningekuambia, ungebaki."

"Ndiyo. Ningebaki."

"Basi ndiyo maana sikukuambia."

Akanitazama kwa mshangao, na hapo kidogo atabasamu, lakini hakutabasamu. "Kwa hiyo ukaona heri mashine ndiyo inizuie. Ili mimi niilaumu mashine na wewe unipe pole." Nikakubali kwa kichwa. Hakukuwa na namna ya kulipamba.

Akaweka kile kikombe pembeni yake. "Mwaka jana, Masumbwe," akasema, "siku ile niliporudi ukanikuta sili. Nilikwambia ni uchovu. Kulikuwa na mama mmoja tulimpakia kwenye gari, tukaacha injini inawaka kwa sababu nilihitaji taa zake. Nikaweka kipembe, nikasikia dudududu. Nikamwambia mama yake, mtoto mzima, tulia. Nikamwambia hivyo mara tatu. Ilikuwa injini, Baba Mwanne. Nilikuwa nasikiliza injini. Mtoto alipotoka alikuwa ameshakufa." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nikaapa sitasikiliza tena tumbo la mtu juu ya mashine inayotetema. Ndiyo maana leo nimesikiliza muda mrefu vile."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada ya siku ile. Sikuwa nimelijua hilo, lakini kutokujua hakukunisaidia chochote, kwa sababu mtetemo ule ule uliomdanganya Masumbwe mimi niliufunga kwa mkono wangu, bolti nne, nyuma ya kitanda nilichompimia kwa mapenzi. Nilikaa chini kwenye vumbi, karibu na miguu yake. Nikamwomba msamaha. Sikumwomba vizuri, maneno yaligongana, lakini nilimwomba.

"Nami naogopa nyumba hii ya magurudumu," akasema baadaye. "Unadhani mimi nitalala vizuri huko? Sijawahi kulala bila mtu wa kunivuta shuka." Akasimama, akanipiga bega. "Haya, amka ukate hilo tairi. Jua linakwenda."

Tukalikata. Raba ya tairi la lori haikatiki kirahisi. Zuwena alikuwa anamwaga maji ya sabuni kwenye kisu, mimi navuta, Mzee Nkwabi amelikanyaga lisitoroke, akitukana ukoo wangu wote kwa zamu, mmoja mmoja, kuanzia kwa babu. Tulipata vipande vinane vinene. Viwili kila pembe, kimoja chini ya mguu wa mashine na kimoja chini ya nati, ili hata bolti isiguse chuma. Bomba la moshi nalo nililing'oa kwenye chesi, nikalining'iniza kwa mikanda ya tairi lilelile. Tulifanya kazi mpaka adhana ya magharibi, tukaendelea tena baada ya swala ya alfajiri.

Mzee alikuwa na kipimo chake. Alijaza maji kwenye bakuli, akaliweka sakafuni mbele ya kitanda, akakaa mbele yake na kulitazama huku mashine inaunguruma. Mwanzo maji yalichora duara ndogondogo. Alinionyesha kushoto kwa kidole, nikaenda kulegeza nati ya kushoto. Duara zikapungua. Akaonyesha nyuma, nikaenda nyuma. Mtu asiyesikia kitu alikuwa anaifunga mashine ile vizuri kuliko mimi mwenye masikio mawili. Mwisho maji yakalala, yakaonyesha paa la basi kama kioo. Mzee akaweka kiganja kwenye mbao za kitanda, akasubiri, akanikonyeza.

Saa nne Bwana Donatus alifika na karatasi zake. Melania akaingia, Zuwena akavuta pazia, maana sasa hakutaka macho ya watu wakati wa kupima, na ni haki yake. Mimi nilibaki upande wa huku, nimechuchumaa kwenye sakafu kati ya pazia na mlango wa chumba cha jenereta, spana mkononi, tayari kukaza chochote. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Taa juu ya kitanda ilikuwa inawaka, niliona mwanga wake kwenye kitambaa. Bwana Donatus alisimama mlangoni, amebana kalamu.

Nilimsikia Melania akivuta pumzi. Nikaanza kuhesabu bolti zote kichwani, nikatafuta ile niliyoisahau.

Ndipo mkono wa Zuwena ulipotoka chini ya pazia. Ulipapasa sakafu, ukalikuta goti langu, ukashuka mpaka kwenye mkono wangu na kuufungua kwa nguvu, spana ikaanguka. Kidole chake kimoja kikaanza kunipiga kiganjani. Tap, tap, tap, tap. Haraka haraka, bila kukosea, bila kupumzika.

Miaka ishirini na mitatu nimeishi na mkunga, na sikuwahi kujua moyo wa mtoto unakwenda hivyo.

"Mbona unakimbia?" nikanong'ona. "Ana tatizo?"

"Ndivyo unavyokwenda," akajibu nyuma ya pazia, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Ni mzima. Nausikia wote."

Kidole kikaendelea. Sijui kiliendelea dakika ngapi. Ninachojua ni kwamba nilisahau kuna jenereta, nilisahau kuna Bwana Donatus, na niliposikia machozi yananifika kwenye ndevu sikuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kazi na wa pili nilikuwa nimeuweka juu ya huo. Niliwaza siku kumi na nane, nikaziona jinsi zilivyo ndefu. Nikakibana kile kidole taratibu, kisije kikaacha kupiga.

"Nenda, Mama Mwanne," nikamwambia.

"Nitarudi," akasema. Lakini mkono hakuutoa, wala mimi sikuuachia, mpaka Bwana Donatus alipokohoa mara ya pili.